Namna ya Kuzungumzia Matumizi ya Fedha kwa Kiingereza

Mzungumzaji wa Kiswahili anayejifunza Kiingereza kwa kawaida hapungukiwi na maneno ya fedha; kinachompa tabu ni kuyaunganisha, kwa kuwa nomino huwa na kitenzi ilichozoeana nacho, na kitenzi nacho kikawa na kihusishi chake. Njia nyepesi ni kuanzia kwenye vitenzi vyetu wenyewe, tukaangalia ni wapi vinaoana na vya Kiingereza na ni wapi vinaachana navyo.

Kitenzi chenye mtego mkubwa zaidi ni "tumia". Sisi twatumia kisu, twatumia muda na twatumia fedha, ilhali Kiingereza huweka "use" kwa kisu na "spend" kwa fedha na muda. Kwa hiyo "I used ten thousand shillings for food" itaeleweka, lakini iliyozoeleka ni "I spent ten thousand shillings on food". Kihusishi ni "on", wala si "for", na hubaki "on" hata fedha zinapopotea bure, kama katika "He wastes money on betting". Kikifuata kitenzi, hicho hupewa kiishio -ing: "They spent a lot on repairing the roof". Katika daftari, andika "spend … on" pamoja, kana kwamba ni neno moja, kwa sababu anayejifunza "spend" peke yake atarudi kwenye "for" siku hiyo hiyo.

Kwa "lipa" tuna bahati. Tofauti ya kulipa na kulipia inakaribiana sana na ya "pay" na "pay for": twalipa bili, nauli, ada na deni, nako huwa "pay the bill", "pay the fare", "pay school fees" na "pay a debt", bila kihusishi chochote; lakini twalipia chakula au tiketi, nako huwa "pay for the food" na "pay for the ticket". Ukisita, jiulize ungetumia kauli gani kwa Kiswahili. Uangalifu unahitajika kwenye neno "kodi", maana ya nyumba ni "rent" na ya serikali ni "tax", na ukimwambia mwenye nyumba kwamba umemletea "tax" atadhani umehamia mamlaka ya mapato.

Kosa la "Borrow me some money" limeenea sana, na huenda linatokana na "azima", kitenzi ambacho kwetu hutumika kwa anayepewa na kwa anayetoa pia. Shika badala yake jozi ya kopa na kopesha: anayekopa ni "borrow from", anayekopesha ni "lend to", na ombi lenyewe ni "Could you lend me some money?"

Kuhusu bei, kitu ndicho huwa "expensive" au "cheap", bali bei yenyewe ni "high" au "low". Kitenzi "gharimu" kina mwenzake "cost", ambacho hakibadiliki katika wakati uliopita: "The trip cost me thirty thousand shillings". Fedha nazo, ingawa kwetu husemwa kwa wingi ("fedha nyingi", "fedha zimekwisha"), kwa Kiingereza huchukuliwa kama umoja usiohesabika, hivyo ni "a lot of money", si "many money", na aliyeishiwa husema "I have run out of money".

Kwa mazoezi, fungua ujumbe wa miamala kwenye simu yako, uwe wa M-Pesa au wa benki, kisha ugeuze kila muamala kuwa sentensi kamili. Kutoa fedha kwa wakala ni "withdraw", si "remove". Kuweka ni "deposit". Kuongeza salio ni "top up". Taslimu ni "in cash", na kadi ni "by card". Jioni moja yaweza kukupa sentensi kama hizi: "I topped up my phone", "I paid for two tickets by card", "I withdrew twenty thousand shillings and was charged a fee".