Jinsi ya kubana mwani kwenye karatasi, na gundi ni yake mwenyewe

Watu wengi wa huku kwetu Mtwara mwani tunaujua kwa kilo tu, umekauka kiasi gani na mnunuzi anakuja lini basi. Mimi nilianza kuubana kwenye karatasi kwa sababu tu nilikuwa na muda na nakaa karibu na maji, Mikindani, sasa nina mafaili matatu na ukutani kuna fremu mbili ambazo kila mgeni akiingia anauliza nimechora kwa rangi gani. Sijachora. Ni mwani wenyewe umelala kwenye karatasi, na hautaki hata tone la gundi.

Hapo kwenye gundi ndo utamu ulipo. Ile spinosamu na kotonii, aina za mwani akina mama wanazolima Songosongo, Naumbu na kwengineko ina ute ndani unaitwa karajinani, ndo huo viwanda vinautafuta, wanautia kwenye aiskrimu, dawa ya meno na vitu vingine vinavyotaka uzito. Binamu yake ni agari, inayotoka kwenye mwani mwengine mwekundu, maabara wanaotesha bakteria juu yake toka miaka ya 1880. Sasa ute wa namna hiyohiyo ukikauka juu ya karatasi unashika. Yani kinachonunuliwa na kinachobandika picha yako ni kitu kilekile.

Kwanza angalia mwezi. Subiri bamvua, mwezi mchanga au mpevu, maji huku yanatoka sana kuanzia kama saa nne hivi asubuhi, ukienda maji mafu, siku ambazo bahari haitoki sana, utaishia kuokota vilivyotupwa ufukweni na vingi vimeshaoza. Vaa raba zenye soli ngumu, ndala zitabaki kwenye tope na wale wanyama wa baharini wenye miiba mirefu myeusi hawana huruma. Beba ndoo ndogo, mkasi na vimfuko kadhaa. Fuata akina mama wanaokwenda kuchokoa pweza, wao wanajua njia, ila usitie mguu wala mkono kwenye shamba la mtu, ukitaka kipande cha kwenye kamba wanazofungia mwani omba. Na kama uko Msimbati au Ruvula kumbuka ile ni hifadhi ya bahari toka mwaka 2000, pita ofisini kwao uulize kwanza kabla hujakata chochote.

Chukua kidogo, kipande cha ukubwa wa kiganja kinatosha. Kata kwa mkasi, shina lake liache kwenye jiwe liote tena. Na usichanganye mwani na majani ya bahari, yale marefu ya kijani yanayoota mchangani kama nyasi, yale yana mizizi na yanatoa maua kabisa, mwani hauna hata kimoja kati ya hivyo.

Ndoo ijaze maji ya bahari, tena ukirudi nyumbani beba na dumu lingine la maji hayohayo. Nasisitiza hapa kwa sababu mimi mara ya kwanza nililoweka mwani mwekundu kwenye maji ya bomba nikaenda kula, nikarudi nakuta maji yamekuwa ya pinki na mwani umepauka kama kitambaa cha deki. Rangi yao nyekundu inayeyuka kwenye maji yasiyo na chumvi. Wa kijani na wa kahawia wanavumilia kidogo, wekundu hapana.

Haya, kazi yenyewe. Tafuta sinia pana au beseni la chini, tia maji ya bahari kina cha vidole viwili. Karatasi iwe nzito, manila nyeupe inafaa, ya daftari itachanika tu. Izamishe karatasi chini kabisa, juu yake elesha mwani, alafu kwa njiti au brashi ndogo tandaza matawi moja moja. Usiharakishe hapa! Maji yanakufanyia nusu ya kazi, yanaufungua mwani vile unavyokaa baharini, wewe unapunguza tu palipojazana, matawi yaliyolaliana punguza kwa mkasi. Ukiridhika shika karatasi upande mmoja uinyanyue polepole imelala mshazari, maji yachuruzike upande wa pili. Ukivuta kwa pupa mwani wote unakimbilia kona moja na unaanza upya. Mimi huwa naanza upya mara mbili tatu, kawaida. Mwisho mwagia kijiko kimoja viwili vya maji ya bomba juu kwa haraka kupunguza chumvi, basi, usiloweke.

Iache ichuje robo saa, alafu panga hivi kutoka chini: ubao, magazeti, karatasi yako, kipande cha chandarua au kitambaa cha nailoni juu ya mwani, magazeti tena, ubao, mawe juu. Hicho kitambaa usikiruke. Mwani wangu wa kwanza kabisa niliulaza gazeti moja kwa moja juu yake, ute ukashika pande zote mbili, mpaka leo una matokeo ya ligi mgongoni. Magazeti badilisha kila siku, siku mbili za kwanza hata asubuhi na jioni. Kiangazi cha kusi siku nne tano imekauka, ila kipindi cha mvua inaweza kwenda wiki mbili na ukungu unakunyemelea, kwahiyo kama ndo unaanza anza kwenye mwezi wa sita au wa saba.

Sio kila mwani unashika wenyewe. Wekundu wembamba kama Hypnea na Gracilaria wanashika kama stika. Ulva, ule wa kijani mwembamba kama jani la saladi, unashika vizuri pia. Ila Sargassum, ule wa kahawia wenye vijipuli vya hewa, mgumu, utaubana mwezi mzima alafu ukigusa unadondoka, huo ushikize na vipande vya karatasi ya gundi. Padina, ule kama feni, una chokaa juu, mara unashika mara unagoma.

Hiki kitu si kipya. Mwaka 1843 mwanamke mmoja Uingereza, Anna Atkins, alianza kutoa kitabu cha mwani, analaza mwani juu ya karatasi yenye dawa, anaanika juani, anaosha na maji, picha inatoka nyeupe kwenye bluu. Kinahesabiwa kuwa kitabu cha kwanza duniani kuwa na picha za namna ya fotografia. Alikuwa anafanya sayansi, leo watu wanaviangalia makumbusho kama sanaa. Jua lenyewe la Uingereza unalijua lilivyo, sisi tunalo mpaka tunalikimbia.

Sasa lebo, ambayo wengi wanaidharau. Bila lebo umetengeneza pambo, ni sawa pia, lakini ukiandika tarehe, mahali, na umeota juu ya nini (jiwe, mchanga, kamba, ganda) hata mtu wa chuo anaweza kuitumia. Mwani ambao Wajapani wanaufungia wali, kwa muda mrefu hakuna aliyejua mbegu zake zinakwenda wapi joto likiingia. Mwaka 1949 Kathleen Drew-Baker wa Manchester akaonyesha kwamba kile kiukungu chekundu kinachoota ndani ya maganda ya chaza, kilichokuwa na jina lake tofauti kabisa, ni mwani uleule katika umri mwengine. Baada ya hapo wakulima wa Japani wakaweza kuotesha mbegu wenyewe badala ya kungoja bahati. Kwahiyo neno "ganda" kwenye lebo sio dogo.

Na jina la wenyeji liandike juu ya lile la kilatini. Mara ya kwanza pale Naumbu mama mmoja aliniona nachagua akasema, "Huo haununuliwi mwanangu, unaupeleka wapi?" Nikamwambia naubandika mama, nautazama tu. Akacheka sana. Safari iliyofuata alikuwa ameniwekea mfuko, amepanga upi unatoka jiweni, upi unang'ang'ania kamba zake, na upi ukiuona ujue maji yameshachemka na kotonii itaanza kuwa nyeupe na kukatika. Nikaandika yote nyuma ya karatasi kwa penseli, maana wino unachuja.

Fremu usiitundike panapopigwa jua, rangi itapauka. Na ukiona masika karatasi imelegea na inanata ukiigusa, usiitupe, ni chumvi iliyobaki inavuta unyevu, irudishe kwenye magazeti makavu chini ya mawe siku mbili.