Nyota uliye naye au chipukizi wa drafti? Jinsi ya kupima biashara ya wachezaji NBA

Tarehe ya mwisho ya kubadilishana wachezaji NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, inapokaribia, mashabiki wa timu inayosuasua hugawanyika. Wapo wanaotaka nyota wote wauzwe, timu ivune machaguo ya drafti (zamu za kuchagua chipukizi wanaoingia ligini kila mwaka) na kuanza upya. Wapo wanaoona ni wazimu kumtoa mtu anayefunga pointi 22 kila usiku ili upewe kijana ambaye bado yuko sekondari. Mimi nachambua biashara hizi, na sioni maana ya kubishana kabla karatasi haijawekwa mezani: nani anatoka, nani anaingia, chaguo ni la mwaka gani na kwa masharti gani. Ukishakuwa nayo hayo, fuata hatua hizi. Zina mpangilio wake, maana hatua yoyote inaweza kuifuta biashara kabla hujafika inayofuata.

Hatua ya 1: Amua timu iko wapi

Chukua mchezaji wako bora ujiulize: kwenye kikosi kilichotwaa ubingwa msimu uliopita, angekuwa wa ngapi? Akiwa wa kwanza au wa pili, na umri bado unamruhusu, funga daftari. Huyo hauzwi mpaka aombe kuondoka mwenyewe. Akiwa wa tatu au wa nne, lakini kwako ndiye tegemeo, timu yako iko katikati, na katikati ndiko kugumu. Unashinda mechi 38, unagombea nafasi za mwisho za mtoano, unatolewa, kisha unachagua wa 13 au wa 14. Mwakani hivyo hivyo.

Timu iliyozeeka haisumbui kichwa. Mwaka 2013 Boston walikuwa na Kevin Garnett wa miaka 37 na Paul Pierce wa miaka 35, miaka mitano baada ya ubingwa wao wa 2008, na Brooklyn wako mlangoni na machaguo mkononi. Hapo huhitaji mchambuzi.

Hatua ya 2: Soma umri na mkataba kwa pamoja

Chora safu mbili. Ya kwanza ni umri wa nyota wako mwaka ambao machaguo unayoahidiwa yatatumika, kisha ongeza miaka mitatu, maana chipukizi haivi siku anayochaguliwa. Ya pili ni miaka iliyobaki kwenye mkataba wake. Ikiwa chipukizi watakuwa wameiva wakati nyota ana miaka 33, hawa watu hawatawahi kuwa wazuri kwa wakati mmoja, na hiyo ni sababu ya kutosha ya kuuza. Ikiwa nyota ana miaka 23, unaharakia nini?

Mkataba ndio unaopanga bei. Mtazame Paul George. Mwaka 2017 Indiana walijua kwamba baada ya msimu mmoja angeweza kuondoka bure, na kila timu ilijua kwamba wanajua. Wakampeleka Oklahoma City na kupewa Victor Oladipo na Domantas Sabonis, bila chaguo hata moja la drafti, na wakachekwa sana. Mwaka 2019, akiwa na miaka miwili zaidi mwilini lakini na mkataba mpya wa muda mrefu, Oklahoma City wakamuuza George huyo huyo kwa LA Clippers. Walipewa Shai Gilgeous-Alexander, Danilo Gallinari, machaguo matano ya raundi ya kwanza na haki mbili za kubadilishana nafasi. Ni kweli alikuwa ametoka kwenye msimu bora wa maisha yake. Ila kilichomnenepesha zaidi ni mkataba, pamoja na haraka ya mnunuzi: Kawhi Leonard alitaka kucheza naye, na Clippers wangempoteza Leonard kama wangesita.

Kwa hiyo ukiamua kuuza, uza mkataba ukiwa na miaka miwili au zaidi. Ukingoja mwaka wa mwisho, bei atakupangia mnunuzi.

Hatua ya 3: Soma masharti ya chaguo neno kwa neno

Watu wengi huhesabu tu: "Tumepewa manne ya raundi ya kwanza!" Manne ya nani? Chaguo la timu itakayoshinda mechi 55 ni nafasi ya 27 hivi, na la timu itakayoanguka linaweza kuwa la tatu. Kwa kila chaguo andika mambo manne: timu iliyolitoa, mwaka, kama lina ulinzi (mfano likiangukia nafasi 1 hadi 5 linabaki kwa mwenyewe), na kama ni chaguo kamili au ni haki tu ya kubadilishana nafasi.

Hilo la mwisho linawachanganya wengi, kwa hiyo nilieleze. NBA ina kanuni inayobeba jina la Ted Stepien, aliyemiliki Cleveland mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kugawa machaguo ovyo mpaka ligi ikaingilia kati. Kanuni inakataza timu kujiacha bila chaguo la raundi ya kwanza miaka miwili mfululizo ijayo, na huwezi kuuza chaguo la zaidi ya miaka saba mbele. Ndiyo maana biashara kubwa huonekana kama meno yenye mapengo. Utah walipomuuza Donovan Mitchell kwa Cleveland mwaka 2022 walipata machaguo ya 2025, 2027 na 2029. Kwa miaka ya katikati, 2026 na 2028, walipata haki ya kubadilishana, yaani Utah wakiwa na nafasi mbaya kuliko ya Cleveland, wanachukua ya Cleveland na kuwaachia yao.

Sasa ona kinachofuata. Haki ya kubadilishana ina thamani pale tu wewe unapomaliza juu ya aliyekupa. Ukiuza nyota wako ukaanguka mkiani, huku mnunuzi anapaa, haki hiyo ni karatasi tupu. Boston walinufaika na yao ya 2017, waliyopewa na Brooklyn walipowauza Garnett na Pierce, kwa sababu wao walikuwa juu na Brooklyn walikuwa wa mwisho kabisa, wakapata nafasi ya kwanza. Wakashuka hadi ya tatu kwa makubaliano na Philadelphia, wakachukua chaguo jingine juu yake, na bado wakampata Jayson Tatum waliyemtaka.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya bahati nasibu, usiote

Mpango wa "tuuze, tupoteze mechi, tupate wa kwanza" una kasoro ya hesabu. Nafasi za juu za drafti hupangwa kwa bahati nasibu kati ya timu zilizokosa mtoano. Katika mfumo ulioanza 2019, timu tatu mbovu zaidi zina asilimia 14 kila moja ya kupata nafasi ya kwanza. Timu ya mwisho kabisa ina karibu asilimia 48 ya kuangukia nafasi ya tano. Soma tena: matokeo yanayotarajiwa zaidi kwa timu mbovu kuliko zote ni kuchagua ya tano.

Detroit walikuwa wa mwisho 2023, wakachagua wa tano. Wakawa wa mwisho 2024 kwa ushindi 14 na vipigo 68, wakachagua wa tano tena. Utah, waliokuwa wameuza Mitchell na Rudy Gobert, walimaliza 2025 kwa ushindi 17. Wakachagua wa tano. Mwaka huo huo Dallas, wenye asilimia 1.8, ndio walioshinda bahati nasibu na kumchukua Cooper Flagg.

Ukishapata nafasi, bado kuna kumchagua mtu mwenyewe. Drafti ya 2013 wa kwanza alikuwa Anthony Bennett, aliyepotea ligini mapema. Usiku huo huo Giannis Antetokounmpo alichukuliwa wa 15. Nikola Jokić alikuwa wa 41 mwaka uliofuata. Wapenzi wa drafti hupenda mifano hii, nami huwarudishia swali: waliochaguliwa wa 39, 40, 42 na 43 mwaka ule unawakumbuka? Kununua chaguo la mbali ni kununua mbuzi kwenye gunia, na bei yake iwe ya gunia. Mimi kila chaguo linalotarajiwa kuwa chini ya nafasi ya 20 nalihesabu kama mchezaji wa akiba. Akitokea bora, ni zawadi.

Hatua ya 5: Kwanza omba kijana aliyekwisha kucheza ligi

Ungenipa dakika moja tu na meneja mkuu, ningetumia yote kwenye hatua hii.

Rudi kwa Paul George. Indiana walibaki na Sabonis, akachaguliwa mara mbili kwenye All-Star, mechi ya nyota wa ligi. Februari 2022 wakampeleka Sacramento na kurudi na Tyrese Haliburton, ambaye hakuwa amemaliza hata misimu miwili ligini. Oklahoma City walikuwa na Gilgeous-Alexander tangu 2019. Fainali ya 2025 ilikuwa Oklahoma City dhidi ya Indiana, mechi saba, na Oklahoma City wakashinda. Mtu mmoja aliyeuzwa mara mbili amezaa timu zote mbili za fainali, na kila upande uti wa mgongo ulikuwa kijana aliyekuwa tayari uwanjani siku ya biashara.

Machaguo pia yalisaidia, sikatai. Jalen Williams, wa 12 mwaka 2022, alitoka kwenye chaguo la Clippers. Ila tazama tofauti ya unachokijua. Gilgeous-Alexander alikuwa na msimu mzima wenye wastani wa pointi 10.8, kwenye timu iliyofika mtoano, dhidi ya walinzi wa kweli. Ungeweza kuona anavyobadili mwendo, anavyofika kwenye mstari wa mitupo huru, anachofanya akibanwa. Kwa chaguo la 2026 ungeona nini mwaka 2019? Tarakimu tu.

Unamtafutaje kijana wa namna hiyo? Anza na timu zenye nyota wawili mbele ya chipukizi, ambako dakika zake ni chache kwa sababu ya foleni na si kwa sababu ya uwezo. Angalia mitupo huru, maana ndiyo dalili bora ya mkono mzuri hata kama mitupo ya pointi tatu bado haiingii. Linganisha miezi miwili ya kwanza ya msimu na miwili ya mwisho. Kisha tafuta mnunuzi mwenye haraka, kwa sababu timu tulivu haitakupa mtu kama huyo. Ukikuta klabu inajitetea kwa kumtaja kijana mmoja tu kuwa hayumo kwenye mazungumzo, basi umeshajua umng'ang'anie nani, na uko tayari kuachia chaguo moja au mawili ili umpate.

Na mnunuzi si lazima awe mjinga. Sacramento walimpata Sabonis, na 2023 wakamaliza ukame wa misimu 16 bila mtoano. Biashara inaweza kuwa nzuri pande zote.

Hatua ya 6: Acha wakongwe wawili

Ukiuza kila mtu anayejua kazi, chipukizi wanafundishana makosa. Philadelphia walifika ushindi 10 na vipigo 72 msimu wa 2015–16. Walimpata Joel Embiid na baadaye Ben Simmons, lakini na hao wote hawakuvuka raundi ya pili ya mtoano. Detroit, baada ya kupoteza mechi 28 mfululizo msimu wa 2023–24, waliongeza Tobias Harris, Malik Beasley na Tim Hardaway Jr. Msimu uliofuata wakashinda 44. Cade Cunningham ndiye aliyewabeba, lakini safari hii alikuwa na watu wa kumpasia.

Hesabu pia viti. Kikosi kina mikataba 15 ya kawaida, na mchezaji wa raundi ya kwanza ana miaka miwili ya uhakika, kisha miwili ambayo timu huamua. Ukiwa na machaguo kumi na mawili huna pa kuwaweka wote. Mengine yatakuwa fedha ya kununulia, kama Boston walivyotumia chaguo lao la mwisho la Brooklyn, la 2018, kumpata Kyrie Irving.

Hatua ya 7: Geuza meza

Sasa jifanye mnunuzi. Machaguo hayo yangekuwa yako, ungeyatoa kumpata nyota huyu? Ukijibu ndiyo bila kusita, usimuuze. Cleveland walimtoa Andrew Wiggins, wa kwanza wa drafti ya 2014, kumpata Kevin Love, kwa sababu LeBron James alikuwa amerudi, na 2016 wakawa mabingwa. Lakers walitoa vijana na machaguo kumpata Anthony Davis mwaka 2019, wakatwaa kombe 2020. Minnesota, waliochekwa kwa bei waliyolipa kumpata Gobert, walifika fainali ya Kanda ya Magharibi 2024 na 2025. Muuzaji akisifiwa kwa machaguo mengi, haina maana kwamba ndiye aliyeshinda.

Hatua ya 8: Uliza nani atakuwepo

Biashara ya Boston ya 2013 ilizaa James Young mwaka 2014, ambaye hakudumu. Jaylen Brown alikuja 2016, Tatum 2017. Ubingwa ulikuja 2024, miaka 11 baadaye. Danny Ainge, aliyeifunga biashara ile, alikuwa ameondoka Boston tangu 2021 na kwenda Utah, ambako 2022 aliwauza Gobert na Mitchell kwa mtindo ule ule.

Kabla ya kusaini, mpe mmiliki wa timu karatasi yenye mwaka ambao chaguo la mwisho litatumika, na umwombe aandike kwa mkono wake idadi ya misimu atakayovumilia kukaa mkiani. Namba yake ikiwa ndogo kuliko yako, rudi hatua ya 5 ukaombe wachezaji badala ya miaka.