Kurudi Kufuga Samaki wa Baharini Ukiwa Kigoma: Tangi Dogo la Sebuleni, Hatua kwa Hatua

Nilipoishi Tanga nilifuga samaki wa baharini kwa miaka sita, na katika miaka hiyo yote sikununua hata gramu moja ya chumvi ya tangi. Maji niliyachota kwa madumu bahari ikiwa imejaa na kutulia, nikayachuja kwa kitambaa, nikayaacha yakae gizani siku chache, basi. Nilipohamia Kigoma niliuza tangi nikiamini kwamba mambo hayo yamekwisha, kwa kuwa kutoka hapa hadi pwani ni zaidi ya kilomita elfu moja. Baada ya miaka minane nimerudi, safari hii kwa tangi dogo la sebuleni, na hapa ninaeleza nilivyofanya ili mwenzangu aliyewahi kufuga akaacha apate pa kuanzia. Tofauti kubwa ni moja: mfugaji wa pwani huchota bahari iliyo tayari, ilhali sisi wa huku hatuna budi kuitengeneza wenyewe, kwa hiyo fedha na subira zinatakiwa ziende kwenye maji kabla hazijaenda kwa samaki.

Hatua ya kwanza: tangi

Tangi langu lina urefu wa sentimita 60, upana wa 35 na kimo cha 35. Ukiondoa mchanga, mawe na nafasi ya juu inayoachwa wazi, maji yenyewe ni lita 60 hivi. Sishauri kushuka chini ya hapo, kwa sababu maji yakiwa machache kila kosa hukua haraka. Fundi wa vioo wa hapa mtaa wa Mwanga alilitengeneza kwa kioo cha milimita 6. Sisitiza kwamba silikoni, yaani gundi ya kuunganishia vioo, isiwe ile ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu, maana dawa hiyo hudhuru viumbe vya majini. Acha gundi ikauke wiki nzima, kisha ulijaze maji ya bomba kwa siku tatu ukiwa umetandika magazeti makavu chini yake, kwa kuwa uvujaji mdogo hulowesha gazeti mapema kuliko unavyoonekana kwenye kioo. Tangi likikamilika hukaribia kilo 90, kwa hiyo meza iwe imara, iliyonyooka, na iwe mbali na dirisha linalopigwa na jua la mchana.

Hatua ya pili: maji ya kuanzia

Hapa wengi hukosea. Watu hudhani kwamba, kwa kuwa ziwa letu lina madini, limeshatusogeza nusu ya njia kuelekea baharini. Ni kweli kwamba maji ya Tanganyika yana pH (kipimo cha uasidi au ualkali wa maji) inayokaribia 9, na kwamba konokono wake wanafanana na wa baharini kiasi kwamba mwanasayansi Mwingereza J. E. S. Moore, aliyekuja hapa mwishoni mwa karne ya 19, alidhani ziwa hili liliwahi kuungana na bahari, dhana ambayo baadaye ilionekana si sahihi. Hata hivyo lita moja ya maji ya ziwa ina chumvi zisizozidi gramu moja, na ya bahari ina gramu 35. Isitoshe, mpangilio wa madini yake ni tofauti, kwani ziwa lina magnesi nyingi kuliko kalsiamu lakini zote mbili kwa kiasi kidogo sana, tena maji yake huja na virutubisho vinavyolisha mwani. Anza na maji yasiyo na kitu ndani yake, halafu wewe ndiye uamue kinachoingia.

Ninatumia maji ya kunywa yaliyochujwa kwa mtambo wa RO, unaosukuma maji kupitia utando unaozuia karibu chumvi zote, yale yanayouzwa kwa madumu ya lita 20, lakini siyaamini mpaka niyapime kwa kipimo cha TDS, kinachoonyesha ni miligramu ngapi za vitu vilivyoyeyuka zimo katika lita moja. Yakisoma chini ya 10 ninayachukua. Yakisoma 80 ninajua kwamba muuzaji ameyaongezea madini kwa ajili ya ladha, nayo ninayaacha. Wakati wa masika maji ya mvua yanafaa pia, mradi paa liwe safi, mvua za kwanza ziachwe zioshe bati, na maji yapitishwe kwenye mkaa maalumu wa kuchujia.

Hatua ya tatu: chumvi

Jirani yangu, mzee wa Ujiji, aliponiona nikipokea mfuko wa chumvi uliotoka Dar es Salaam kwa treni aliniuliza kwa mshangao, "Mwanangu, Uvinza ipo hapo tu, wewe unaagiza chumvi pwani?" Swali lake ni la haki na linastahili jibu kamili. Chemchemi za Uvinza zimetoa chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja, na chumvi hiyo kwa sehemu kubwa sana ni kloridi ya sodiamu, yaani chumvi ya kula. Katika gramu 35 za chumvi zilizomo ndani ya lita ya maji ya bahari, sodiamu na kloridi hufanya kama gramu 30. Zile 5 zinazobaki ndizo zinazobeba salfeti, magnesi ya gramu 1.3 hivi, kalsiamu ya gramu 0.4, potasiamu ya kiasi hichohicho, na viini vingine vingi kwa viwango vidogo mno. Samaki akiwekwa kwenye maji ya chumvi ya kula peke yake huwa na chumvi bila kuwa na bahari, na mwili wake hushindwa kujiendesha. Nunua chumvi iliyotengenezwa mahususi kwa matangi ya baharini.

Gharama yake haitishi kama inavyodhaniwa. Lita moja inahitaji gramu 36 hadi 38 za chumvi hiyo, kwa hiyo kulijaza tangi mara ya kwanza kunakula kilo 2.2 hivi. Ukibadilisha lita 6 kila wiki unatumia gramu 220. Mfuko wa kilo 20 utakuchukua mwaka mmoja na nusu.

Tia maji kwanza kwenye ndoo safi isiyowahi kuwekwa sabuni, washa pampu ndogo izungushe, kisha nyunyiza chumvi kidogo kidogo. Usianze na chumvi ukaja kuimwagia maji, kwa sababu katika maji machache yenye chumvi nyingi kalsiamu huganda kuwa unga mweupe ambao hauyeyuki tena. Acha mchanganyiko uzunguke saa 24 kabla ya kuupima.

Hatua ya nne: kupima bila kujidanganya

Lengo ni gramu 35 kwa lita, au uzito wa 1.025 hadi 1.026 ukilinganishwa na maji matupu, kwenye joto la nyuzi 25. Ninatumia rifraktomita, kile kifaa cha kutazamia tone la maji kwenye mwanga. Wengi hukisawazisha kwa maji matupu hadi kisome sifuri, wakaridhika, ingawa kifaa kinaweza kusoma sifuri vizuri na bado kikakosea kwenye 35. Kisawazishe palepale unapopimia, yaani kwenye 35.

Na hapa ndipo chumvi ya Uvinza inapopata kazi yake. Chukua chumvi nyeupe na safi, ikaushe kwenye kikaango kisicho na mafuta mpaka iache kushikana, iache ipoe, kisha pima gramu 36.5 kwa mzani mdogo wa jikoni na uiyeyushe katika gramu 963.5 za maji ya RO. Maji hayo hupinda mwanga sawasawa na maji ya bahari yenye gramu 35, kwa hiyo tone lake likidondoshwa kwenye kioo cha rifraktomita mstari wa buluu unatakiwa ukae juu ya 35. Changu kilisoma 38 mara ya kwanza, maana yake ni kwamba maji niliyodhani ni ya bahari yalikuwa ya 32. Zungusha skrubu ndogo mpaka mstari ukae panapostahili, funga chupa vizuri, na uitumie tena kila mwezi.

Hatua ya tano: mawe, mchanga na mwendo wa maji

Weka kilo 5 au 6 za mawe makavu ya chokaa yenye vinyweleo, yaliyoegemezwa imara moja kwa moja kwenye kioo cha chini, kisha ndipo umwage mchanga wa chokaa kwa kina cha sentimita 2 hadi 3. Mchanga wa ufukweni kwetu hauna chokaa ya kusaidia kushikilia pH, kwa hiyo ninauacha. Matumbawe hai yaliyong'olewa baharini usiyanunue.

Mwendo wa maji unahitaji uangalifu kuliko pwani, na sababu yake ni kimo. Kigoma iko zaidi ya mita 770 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ina mgandamizo uliopungua kwa karibu asilimia 9, hivyo hata oksijeni inayoyeyuka majini hupungua kwa kadiri hiyo. Maji ya moto na yenye chumvi hushika oksijeni kidogo zaidi. Elekeza pampu ili uso wa maji utikisike muda wote, na joto lishikilie kati ya nyuzi 25 na 27. Mchana wa joto kali feni ndogo inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi 2 hadi 3, na usiku wa Juni na Julai hita ndogo inatosha. Kwa ajili ya umeme kukatika nina pampu ya hewa ya betri iliyo tayari saa zote, na hiki ni kifaa ambacho ningekinunua kabla ya taa.

Hatua ya sita: kukomaza tangi

Usiweke samaki bado. Bakteria wanatakiwa wakue kwenye mawe, kundi moja likibadilisha amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki na mabaki yanayooza, kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na jingine likibadilisha nitriti kuwa nitrati, isiyodhuru sana, na kazi hii huchukua wiki nne hadi sita kwa kawaida. Ili wale, niliwapa dagaa wawili wakavu wasio na chumvi, waliooshwa mchanga na kufungwa kwenye kipande cha soksi nyembamba, wakaoza taratibu nyuma ya jiwe. Amonia ilionekana siku ya nne. Nitriti ilipanda wiki ya pili na kunikalia juu kwa muda mrefu kiasi cha kunikatisha tamaa, kisha siku ya 36 ikashuka hadi sifuri ndani ya usiku mmoja. Nilisubiri wiki moja zaidi, nikipima kila jioni, kisha nikabadilisha theluthi ya maji. Ukungu wa kahawia utatanda kwenye mchanga wakati huu, nao hupungua wenyewe.

Hatua ya saba: samaki

Tangi la lita 60 ni la samaki wawili, labda watatu wadogo. Kangaja na kitatange, hata wakiwa wachanga na wa kupendeza, wanahitaji nafasi ambayo hatuna. Nilichagua jozi ya Amphiprion akallopisos, wale wenye mstari mweupe mgongoni wanaopatikana kwenye miamba ya pwani yetu, nao huishi vyema tangini bila anemoni, yule kiumbe mwenye mikono laini wanayejificha ndani yake baharini. Chagua mmoja mkubwa na mmoja mdogo, kwa kuwa wote huzaliwa madume na anayetawala ndiye hugeuka kuwa jike, hivyo tofauti ya ukubwa hupunguza ugomvi. Nunua kwa mwenye leseni anayevua kwa nyavu ndogo, na waje kwa ndege.

Jozi yangu ya kwanza ilikufa, na ninaeleza kwa uchungu ili isitokee kwako. Samaki walifika wakiwa hai baada ya kukaa mfukoni karibu saa 20. Nikafanya kama nilivyozoea Tanga: nikafungua mfuko, nikamimina maji yake kwenye ndoo, nikaanza kudondosha maji ya tangi polepole kwa saa mbili. Baada ya dakika 40 walikuwa wakihema juu ya maji, mashavu yamekuwa mekundu, na kabla ya magharibi wote wawili wamelala ubavu. Samaki aliyefungwa mfukoni hutoa kabonidioksidi inayoshusha pH, na pia hutoa amonia, ambayo pH ikiwa chini hukaa katika hali isiyodhuru sana. Ukifungua mfuko kabonidioksidi hutoka, pH hupanda, na amonia ileile hugeuka sumu kali huku samaki bado amo ndani yake. Tanga samaki walikaa mfukoni nusu saa tu, kwa hiyo jambo hili halikuwahi kunigusa.

Kwa jozi ya pili nilimpigia muuzaji simu wiki moja kabla, nikamwuliza chumvi ya maji yake ni kiasi gani, akaniambia 33, nami nikaandaa ndoo ya maji yangu kwa kiwango hichohicho. Mfuko uliofungwa ulielea dakika 20 ili joto lilingane, kisha niliufungua, nikawahamishia samaki kwenye ndoo mara moja kwa kikombe kilichotobolewa, na maji ya mfuko nikayamwaga. Kupandisha chumvi kutoka 33 hadi 35 nilikufanya kwa siku mbili ndoo ikiwa na pampu ya hewa, nikibadilisha sehemu ya maji kila siku. Walikula siku ya tatu.

Hatua ya nane: kila siku na kila wiki

Maji huvukiza lakini chumvi haiondoki. Lita 3 zikipotea katika 60, chumvi hupanda kutoka 35 hadi karibu 37, kwa hiyo bandika utepe kwenye kioo usawa wa maji na ujazie kila asubuhi kwa maji ya RO matupu, kamwe si ya chumvi. Lisha kidogo mara mbili kwa siku, kiasi kinachokwisha ndani ya dakika moja, na taa iwake kwa muda wa saa 8 kwa siku. Kila Jumamosi ninabadilisha lita 6, zenye joto na chumvi sawa na za tangini, na ninapima nitrati, ambayo ninataka ibaki chini ya miligramu 20 kwa lita. Maji yanayotoka usiyamwagie migomba wala bustani, kwani chumvi itakausha mizizi; yangu huenda kwenye shimo la maji machafu nyuma ya nyumba, na ndoo huoshwa kwa maji matupu ikisubiri Jumamosi nyingine.