Somo: Kuwajibu washindani wa redio ukiwa Kigoma

Mwanaredio wa ridhaa (anayewasiliana na vituo vingine kwa redio kama burudani) asiyeshindana hana sababu ya kuzima mitambo wakati wa mashindano, kama wafanyavyo wengi wanaolalamikia kelele. Kituo cha mashindano kina antena kubwa na mwendeshaji aliyezoea kunasa sauti hafifu, tena kinakuhitaji: katika CQ World Wide, mashindano ya dunia ya kuwasiliana na vituo vingi kadiri iwezekanavyo, kila nchi mpya kwenye kila bendi (kundi la masafa) ni kizidisho cha pointi zake, yaani huongeza namba ya kuzidishia pointi, na alama za mwito (majina ya vituo hewani) zinazoanza na 5H, yaani za Tanzania, si nyingi. Kwa anayetafuta nchi 100 za DXCC, tuzo ya kuwasiliana na nchi nyingi, kwa wati 100 na waya uliofungwa mwembeni, siku hizo ni mavuno.

Hatua ya kwanza: jua saa. Mashindano ya sauti hufanyika Jumamosi na Jumapili za wikendi kamili ya mwisho ya Oktoba, kuanzia saa 9 usiku kwa saa zetu, kwa muda wa saa 48. Mchana jaribu bendi za mita 10 na 15. Jua likizama, karibu saa 1 jioni, hamia mita 40. Mgeni namshauri asubiri Jumapili alasiri, kwa sababu kufikia hapo vigogo wamekwisha kuwasiliana wao kwa wao na wanamtafuta yeyote ambaye hawajampata.

Hatua ya pili: sikiliza mpaka uwe na hakika ya alama ya mwito ya kituo hicho.

Hatua ya tatu: taja alama yako mara moja tu, kwa alfabeti ya kifonetiki (Alfa, Bravo, Charlie...). Kikikujibu, kipe ripoti ya 59 (yaani nakusikia vizuri) na namba ya kanda yetu ya dunia katika mashindano, 37 (ile 53 ni ya mgawanyo wa ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, usiichanganye). Usiulize habari za nyumbani. Ufupi huu, kwa maoni yangu, huwavuta wenye haya ya kuzungumza Kiingereza kuliko hata tuzo yenyewe.

Hatua ya nne: andika saa ya UTC (saa ya dunia, nyuma ya yetu kwa saa 3), bendi na alama, kisha upakie kumbukumbu kwenye Logbook of The World, mfumo wa mtandaoni wa kuthibitisha mawasiliano, kwani DXCC haihesabu mawasiliano yasiyothibitishwa.

Maswali ya wanachama

Ujiji: Mwalimu, ni lazima nitume orodha yangu ya mawasiliano kwa waandaaji?
Jibu: Si lazima, ndugu yangu. Ukipenda, itume ndani ya siku 5 baada ya mashindano.

Kasulu: Shikamoo mwalimu. Umeme ukikatika je?
Jibu: Marahaba. Tumia betri ya volti 12. Redio ya wati 100 hula takriban amperi 20 inapotuma, lakini anayejibu tu hutuma kwa sekunde chache, kwa hiyo betri ya sola iliyojaa itakufaa.

Uvinza: Nikisikia kituo cha Dar es Salaam kinashindana, nikiache, maana tuko nchi moja?
Jibu: Kiite. Hakitapata pointi ya mawasiliano, lakini kitahesabiwa nchi na kanda kama vizidisho, mara moja kwa kila bendi. Kikihamia bendi nyingine, kifuate.