Somo: kufunga sola kwenye nyumba inayokarabatiwa, kabla ya dari na rangi

Wadau, kwenye ukarabati sola huwekwa mwisho, rangi ikishakauka. Matokeo yake ukuta mpya unachimbwa tena na dari ya jipsamu inatobolewa. Mpangilio unaookoa hela ni huu: paa, sola pamoja na mabomba ya waya, plasta, dari, kisha rangi. Mfano wetu ni nyumba ya Dar es Salaam, bati geji 28, umeme wa TANESCO upo.

1. Matumizi
Friji uniti 1.2 kwa siku. Feni 2 za W 55 kwa saa 8, 0.88. Taa 10 za W 9 kwa saa 5, 0.45. TV ya W 80 kwa saa 5, 0.4. Pampu ya W 750 kwa saa 1, 0.75. Jumla karibu 3.7. Betri moja ya lithiamu ya V 51.2, Ah 100 inabeba uniti 5.12, ukitumia asilimia 80 unapata 4.1. Pasi, hita na jiko viache kwenye Luku (umeme wa TANESCO).

2. Idadi ya paneli
Hapa ndipo wengi wanapokwama. Paneli 3 za W 550, kwa saa 4.5 za jua kamili na robo ikipotea njiani, zinatoa uniti 5.5. Kwa hesabu hiyo zinatosha. Lakini inveta (mashine inayogeuza umeme wa DC wa paneli na betri kuwa AC wa nyumbani) nyingi za kW 5 haziwezi kuvuna vizuri chini ya V 120. Paneli ya aina hii hufanya kazi kwenye V 41.8, tatu zinakuwa 125, ila hicho ni kipimo cha kiwandani, paneli ikiwa nyuzi 25. Juu ya bati saa saba mchana paneli inafika nyuzi 65, na kila nyuzi inayoongezeka inaondoa karibu asilimia 0.34 ya volti. Zinabaki 108. Jua linawaka kuliko muda wote, uvunaji unasuasua, na inveta isiyo na kosa inapewa lawama. Funga 4 kwa mfululizo, yaani moja baada ya nyingine ili volti zijumlishwe: 167 kwenye lebo, 144 kwenye joto. Bila mzigo zinafika karibu V 200, na kikomo cha inveta hizo huwa 450 au 500. Soma lebo ya inveta yako kabla ya kununua chochote.

3. Paa
Badilisha papi (mbao zinazoshikilia bati) zilizooza sasa, maana paneli zikishakaa hakuna atakayezifungua. Tumia upande unaotazama kaskazini, mteremko wa nyuzi 10 hadi 15 ili mvua ioshe vumbi. Paneli 4 zikisimama bega kwa bega zinataka reli 2 za mita 4.7, miguu ya L 10, klampu za pembeni 4 na za kati 6. Skrubu ipite juu ya mgongo wa bati na kuingia kwenye papi, ikiwa na raba yake. Ukitoboa bondeni unakotiririka maji, silikoni itakusaidia msimu mmoja tu. Acha sentimita 10 kati ya bati na paneli, hewa ipite. Ukiwa juu kanyaga penye mstari wa misumari, ndipo papi ilipo.

4. Waya
Waya wa sola mm² 6, ndani ya bomba. Konekta za MC4 (plagi za kuunganishia waya za paneli) zibanwe kwa koleo lake. Plaizi inaacha ulegevu, ulegevu unazaa joto, na plastiki inayeyuka. Usichanganye konekta za kampuni mbili. Weka swichi ya kukatia ya DC karibu na inveta. Kabla ya kuunganisha, pima: jua likiwepo utasoma kati ya V 175 na 200. Ukisoma alama ya kutoa, nyaya zimegeuzwa.

Maswali

*Mkuu, nina breka za kawaida za AC zimebaki. Nizitumie upande wa paneli?*
Hapana. Umeme wa AC unapita sifuri mara 100 kwa sekunde, cheche inazimika yenyewe. DC haipiti sifuri. Breka ya AC itafunguka na cheche itaendelea kuwaka ndani yake. Nunua iliyoandikwa DC, yenye volti zaidi ya 200.

*Kivuli cha mnara wa simtanki kinagusa paneli moja kuanzia saa kumi. Kina shida?*
Kina shida. Paneli ziko kwenye mfululizo, kwa hiyo hiyo yenye kivuli inapunguza volti za mstari mzima. Sogeza reli au hamisha tanki sasa kabla hujapiga plasta.

*Niko Kampala, nielekeze wapi?*
Mko karibu kabisa na ikweta, kaskazini au kusini tofauti ni ndogo. Angalia kivuli na mteremko tu.

*Fundi wangu ameingiza waya wa inveta kwenye bodi kuu ya Luku. Sawa?*
Azime aondoe leo hii. TANESCO wakirudisha umeme vyanzo viwili vinagongana, na umeme ukiwa umekatika unaweza kurudi kwenye laini na kumuua fundi aliye juu ya nguzo. Luku iingie kwenye inveta kupitia breka yake, na inveta itoke kwenda bodi ndogo ya peke yake, nyutro ya bodi hiyo isichanganywe na ya bodi kuu.