Kufuga Kobe wa Maji wa Spishi Tofauti katika Tangi Moja: Mwongozo kwa Mfugaji wa Malindi

Mfugaji anayetaka kuweka kobe wa maji wa spishi mbili au tatu katika tangi moja aanze kwa kujua kwamba kobe hahitaji mwenza. Huishi vizuri akiwa peke yake, na mara nyingi vizuri zaidi. Anayewachanganya hufanya hivyo kwa raha ya macho yake mwenyewe, na raha hiyo ina gharama zake, nazo ni tangi kubwa, kichujio chenye nguvu, na tangi la pili ambalo liko tayari kabla kobe wa pili hajafika nyumbani.

Kwanza kuna wale ambao hawaingii kabisa katika hesabu hii. Kasa wa baharini hafugwi nyumbani, hata mtoto aliyeokotwa ufuoni Mayungu au Watamu, kwa kuwa analindwa na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013. Kobe wa mito na mabwawa yetu, yaani jamii ya Pelusios na Pelomedusa, nao ni wanyamapori, na kuwaweka bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, KWS, ni kosa. Hata pasingekuwa na sheria hiyo, kumchanganya kobe wa mtoni na kobe wa dukani ni hatari kwa wote wawili, kwa sababu kila mmoja huweza kubeba vimelea ambavyo mwili wa mwenzake haujavizoea. Kwa hiyo mazungumzo haya yanawahusu kobe walionunuliwa tu, na muuzaji akuonyeshe hati zao kabla hujatoa fedha.

Spishi zinazoweza kuvumiliana ni zile zenye asili moja na tabia moja. Kobe wa masikio mekundu, Trachemys scripta elegans, anayetoka bonde la mto Mississippi huko Marekani, anaweza kukaa na ndugu zake wa Amerika Kaskazini, yaani kobe wa jamii ya Pseudemys au Chrysemys picta, kwa kuwa wote ni waogeleaji hodari wanaopenda kuota jua na kula vyakula vinavyofanana. Graptemys, yaani kobe wa ramani, pia huwekwa nao, ila yeye anataka maji safi kuliko wenzake, na dume lake ni dogo mno kuishi na jike la masikio mekundu ambalo gamba lake hukaribia sentimita 30. Sternotherus na Kinosternon, yaani kobe wa miski na kobe wa matope, ni wadogo, hutembea chini ya maji zaidi kuliko kuogelea, na huuma wakisumbuliwa. Waache wakae peke yao. Kobe wa gamba laini huchanika ngozi kwa kucha za wenzake, naye kobe mng'ataji, Chelydra, hufugwa peke yake.

Ukubwa ni jambo zito kuliko spishi. Kobe wawili wasipishane sana kwa urefu wa gamba, wala madume wawili wasiwekwe pamoja katika nafasi finyu. Kipimo kinachotumiwa na wafugaji wengi ni lita 40 za maji kwa kila sentimita 2.5 za gamba la kobe wa kwanza, kisha nusu ya kiasi hicho kwa kila anayeongezwa. Kobe wawili wa sentimita 20 basi wanahitaji lita 320 na nyingine 160, yaani 480. Hilo ni tangi ambalo wachache wanaweza kuliweka sebuleni, ndiyo maana hapa Malindi naona birika la saruji uani, lenye kivuli cha makuti upande mmoja na jua upande wa pili, ni bora kuliko kioo. Maji ya bomba yenye klorini yaachwe wazi kwa saa 24 kabla ya kutumiwa. Maji ya kisima yenye chumvi yasitumiwe.

Joto la maji liwe kati ya nyuzi 24 na 28. Hita haihitajiki kwetu, bali hatari iliyopo ni maji kupata moto kupita kiasi wakati wa kaskazi, hasa katika tangi la kioo lililowekwa juani. Tangi la ndani linahitaji taa ya miale ya UVB, kwa kuwa kioo cha dirisha huizuia miale hiyo hata kama chumba kinang'aa, na kobe asiyeipata gamba lake hulainika. Kila kobe awe na mahali pake pa kuotea jua. Kobe wakipandana juu ya jiwe moja, watu husema wanapendana. Kwa kweli wanagombea jua, na wa chini ndiye anayelikosa.

Kobe mpya atengwe kwa miezi mitatu katika beseni lake, na wavu na sponji yake mwenyewe. Anayeogelea akiinamia upande mmoja, anayetoa mapovu puani au aliyevimba macho apelekwe kwa daktari wa mifugo.

Baada ya kuwakutanisha, waangalie wakati wa kula, kwani ugomvi hujitokeza hapo. Mlishe kila mmoja katika beseni lake: vidonge vya chakula cha kobe, sukuma wiki, na dagaa wasiotiwa chumvi kwa kiasi kidogo. Dume akisimama mbele ya jike na kutetemesha kucha zake ndefu karibu na uso wake, anamchumbia. Asipomwachia nafasi ya kula wala kupumzika, mtenge. Ncha ya mkia iliyokatwa, alama za kuumwa mguuni, au kobe asiyethubutu kupanda kuota jua, ni sababu ya kuwatenganisha siku hiyo hiyo.

Nawa mikono kwa sabuni kila unapowagusa, maana kobe hubeba salmonela, bakteria wanaomharisha binadamu, hata akiwa na afya kamili. Kwa hofu hiyo Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 kuuza kobe wenye gamba lisilofika sentimita 10. Maji machafu yamwagwe kwenye migomba, si kwenye sinki la jikoni. Ukishindwa kuwafuga, tafuta mfugaji mwingine au uliza ofisi ya KWS, lakini usiwaachilie katika mto Sabaki, kwa kuwa kobe wa masikio mekundu huzaliana na kuwanyang'anya kobe wetu chakula na mahali pa kuotea jua.