Tamthilia za upelelezi za nje kwenye diski: geuza kasha kwanza

Seti yangu ya kwanza niliinunua kwa kuangalia picha ya mbele. Ilikuwa tamthilia ya Denmark, na mimi kwa kujidai nikaagiza toleo la huko huko, nikisema asili ni asili. Kifurushi kilipofika nikamwita baba, maana yeye ndiye aliyeniambukiza ugonjwa huu wa wapelelezi. Deki ikaimeza diski bila kinyongo, picha safi, mvua inanyesha, maiti imeshapatikana. Sauti ilikuwa ya Kidenmaki. Kwenye menyu ya sabtaito nikakuta Kidenmaki, Kiswidi, Kinorwe na Kifini. Baba alivumilia dakika kumi hivi, kisha akageuka: "Mwanangu, wewe unawaelewa hawa?"

Sikuelewa hata neno. Kasha lilikuwa limeniambia yote hayo upande wa nyuma, chini kabisa, kwa maandishi madogo kama mchwa.

Kwa hiyo anza na sabtaito, kabla ya bei, kabla ya ubora wa picha, hata kabla ya kuuliza kama deki yako itaikubali. Deki inayokataa diski ina dawa, nitaieleza. Sabtaito ambayo haikuwekwa haina dawa ya maana. Wapo wanaotafuta faili la tafsiri kwenye intaneti na kulilazimisha kwenye kompyuta. Nilijaribu mara moja: maandishi yalitangulia midomo kwa sekunde mbili, mtuhumiwa akakiri kosa kabla hajafungua kinywa.

Kanuni ya jumla ni kwamba diski hutengenezwa kwa ajili ya watu wa nchi inakouzwa. Diski ya Ufaransa ya tamthilia ya Kifaransa mara nyingi ina Kifaransa tu, na sabtaito zake, zikiwepo, ni za Kifaransa kwa ajili ya wasiosikia vizuri. Diski ya Ujerumani ya tamthilia ya Uswidi itakuwa imeingizwa sauti za Kijerumani, na huenda Kiswidi kimewekwa pembeni au kimeachwa kabisa. Ukitaka tafsiri ya Kiingereza, tafuta toleo la Uingereza, Marekani au Australia la tamthilia hiyo hiyo. Asili si lazima iwe bora kwako.

Ukiwa unasoma kasha la kigeni, yajue maneno machache: Wafaransa huandika sous-titres, Wajerumani Untertitel, Waitalia sottotitoli, Wahispania subtítulos, Wadenmaki na Wanorwe undertekster, Waswidi undertexter. Lugha zitakazofuata neno hilo ndizo ulizo nazo. Kwenye makasha ya Kijerumani, herufi OmU maana yake ni sauti ya asili yenye sabtaito, lakini sabtaito zenyewe ni za Kijerumani, usije ukafurahi mapema.

Jambo moja dogo ambalo wauzaji hawalisemi: sabtaito za wasiosikia vizuri, zile zenye herufi SDH, hueleza pia sauti na humtaja anayesema. Kwa tamthilia ya upelelezi hii ni hatari. Tuliwahi kutazama mtu aliyefunika uso akipiga simu gizani, sauti imekorogwa isitambulike, na mbele ya maneno yake sabtaito ikaandika jina lake. Ilikuwa sehemu ya pili kati ya kumi. Baba akasema kwa upole, "Basi tulale." Zikiwepo aina mbili kwenye menyu, chagua ile ya kawaida.

Ukishajiridhisha na lugha, angalia namba ya kanda. (Kanda hapa ni eneo la dunia, si ile kanda ya kaseti tuliyokuwa tukiirudisha nyuma kwa kalamu.) Kwenye DVD utaona kiduara chenye mchoro wa dunia na namba ndani yake. 1 ni Marekani na Kanada. 2 ni Ulaya, Japani, Mashariki ya Kati, Misri na Afrika Kusini. 3 ni Asia ya Kusini-Mashariki pamoja na Korea Kusini na Taiwan. 4 ni Australia, New Zealand na Amerika ya Kusini. 5 ni sehemu kubwa ya Afrika, Urusi na India. 6 ni China. Deki iliyofungwa kwenye namba moja itaitema diski ya namba nyingine, hata kama diski ni mpya na halali.

Blu-ray, diski yenye picha kali kuliko DVD, ina mgawanyo wake wa herufi tatu. A ni Amerika zote mbili, Japani, Korea na Asia ya Kusini-Mashariki. B ni Ulaya, Afrika, Mashariki ya Kati, Australia na New Zealand. C ni China, India na Urusi. Ona tofauti iliyopo: kwa DVD sehemu kubwa ya Afrika imetengwa na Ulaya, lakini kwa Blu-ray ziko kundi moja. Diski za 4K, zenye picha kali zaidi ya Blu-ray, hazina kanda kabisa, ila tamthilia za upelelezi za nje ni chache mno huko.

Dawa niliyoahidi ni deki isiyobagua kanda. Nyingine huuzwa zikiwa hivyo, nyingine hufunguliwa kwa kubonyeza tarakimu fulani kwenye rimoti. Lakini soma vizuri tangazo la muuzaji: deki nyingi za Blu-ray zinazosifiwa kwamba hazibagui, hazibagui DVD tu, upande wa Blu-ray zimefungwa kama kawaida. Kompyuta nayo ina mtego wake. Kiendeshi chake cha DVD hukubali kubadilishwa kanda mara tano tu, kisha hujifunga kwenye ile ya mwisho. Mimi nilizitumia nne jioni moja kwa kuhangaika na diski mbili, nikabaki na moja kama risasi ya mwisho ya askari.

Kuna kizuizi cha pili ambacho watu hukisahau, nacho ni mfumo wa picha. PAL, mfumo wa Ulaya, ina mistari 576 na picha 25 kwa sekunde. NTSC, mfumo wa Marekani, ina mistari 480 na picha karibu 30. Deki na televisheni nyingi zilizotengenezwa kwa nchi za PAL husoma mifumo yote miwili. Zile za Marekani mara nyingi hugoma mbele ya PAL, kwa hiyo kuvuka kanda peke yake hakutoshi. Hata Blu-ray haijasalimika: tamthilia za Ulaya wakati mwingine hutolewa kwa mwendo wa picha wa nchi za PAL, unaoandikwa 50, na deki ya Marekani inaweza kuonyesha giza tupu huku sauti ikiendelea. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, chukua toleo la PAL la tamthilia ya Ulaya. Kazi za televisheni za huko kwa kawaida hupigwa kwa picha 25, na zikigeuzwa kuwa NTSC mwendo hukwamakwama, hasa kamera inapozunguka polepole.

Sasa majina, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Forbrydelsen, ya Denmark, ilianza mwaka 2007, na Uingereza iliuzwa kwa jina la The Killing. Mwaka 2011 Wamarekani wakatoa yao, nayo ikaitwa The Killing. Bron/Broen ya Uswidi na Denmark ni ya mwaka 2011, maiti yake ikiwa juu ya daraja la Øresund. Ya Marekani ya mwaka 2013 imehamia mpaka wa Meksiko, na kwa Kiingereza zote mbili ni The Bridge. Engrenages ya Ufaransa ukiitafuta kwa jina hilo kwa muuzaji wa Uingereza huenda usiipate, kwani kule ni Spiral. Wallander, ya mpelelezi wa mji wa Ystad huko Uswidi, ndiyo balaa zaidi: yupo wa Rolf Lassgård, yupo wa Krister Henriksson, wote Waswidi, na yupo wa Kenneth Branagh anayezungumza Kiingereza katika mji ule ule. Usinunue kwa jina la tamthilia peke yake. Tafuta jina la mwigizaji mkuu na mwaka.

Maoni ya wanunuzi kwenye maduka ya mtandaoni nayo huchanganywa, matoleo ya nchi tofauti yakiwekwa chini ya ukurasa mmoja. Mtu anayesifu sabtaito za Kiingereza huenda anazungumzia diski ambayo si hiyo unayoiweka kwenye kikapu. Mwandikie muuzaji, mwombe picha ya nyuma ya kasha. Akikataa, pita.

Ukiipata picha hiyo, piga hesabu. Forbrydelsen ina sehemu 20 msimu wa kwanza, 10 wa pili na 10 wa tatu. Bron/Broen ina misimu minne, mitatu ya sehemu 10 na mmoja wa 8. Ukiona sehemu zimepungua nusu, usikimbilie kusema umepunjwa: baadhi ya vituo huunganisha sehemu mbili kuwa moja, kwa hiyo linganisha dakika. Neno "kamili" kwenye kasha nalo liangalie kwa jicho la pili, maana linaweza kuwa lilichapwa kabla msimu wa mwisho haujatengenezwa. Engrenages ilifika misimu minane, kuanzia 2005 hadi 2020. Sanduku lenye mitano lilikuwa kamili siku lilipochapwa tu.

Hesabu hiyo hiyo hufichua bandia. DVD ya tabaka moja hubeba gigabaiti 4.7, ya matabaka mawili 8.5, yaani karibu saa mbili na saa nne za picha nzuri. Sehemu 20 za karibu saa moja moja haziwezi kukaa kwenye diski mbili bila picha kuvurugika. Geuza diski: ya kiwandani huwa na rangi ya fedha upande unaosomwa, ya kuchoma huelekea zambarau. Wapo wachapishaji halali wanaochoma kwa oda, lakini hao husema wazi.

Ninapokuambia usome nyuma ya kasha, nina maana ya jedwali la chini. Ile aya ya hadithi ifunike kwa kidole. Kasha la msimu wa pili karibu kila mara hutaja aliyekufa katika wa kwanza, wakati mwingine kwenye sentensi ya kwanza.

Kifurushi kikifika, linganisha kasha na ulichoagiza kabla ya kuchana nailoni, kwani wauzaji wengi hawapokei seti iliyofunguliwa. Ukiridhika, jaribu kila diski wiki hiyo hiyo, si ile ya kwanza peke yake. Ruka hadi katikati na mwishoni. Picha ikisita nukta moja inapohamia tabaka la pili, hiyo ni kawaida, ikiganda, rudisha. Nilinunua mtumba mmoja wa diski tano, nikajaribu moja nikaridhika, nikaziweka. Miezi saba baadaye tukafika ya tano, mpelelezi amesimama mlangoni kwa muuaji, mkono kwenye kitasa, na pale pale akabaki. Baba mpaka leo ana muuaji wake na mimi nina wangu.